Akordeo ya Mama Shemasi

Kabla ya kupiga, Mama Shemasi alivua buti zake za plastiki na kuzisukuma chini ya benchi la mbele. Alikuwa akiteremka kutoka juu, malishoni, na njia ya kuingia kijiji chetu cha Kingi wakati wa mvua ni tope tupu, kwa hiyo bila buti asingefika. Lakini hakuwahi kuipiga akordeo akiwa amezivaa. Alikaa na soksi zake za sufu zilizotoboka kisiginoni, akafungua kitenge alichobebea akordeo mgongoni, akapitisha mikanda mabegani, kisha akatulia. Kanisa lote lilitulia naye. Hata Papa Pasta, mtu asiyejua kusubiri, alisubiri.

Mashemasi walikuwa wengi kanisani kwetu, wanaume kwa wanawake. Lakini ukisema Mama Shemasi bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamsema yule wa akordeo. Jina lake nilikuja kulijua baadaye. Silitumii hata sasa, kwa sababu nikilitamka naona kama namzungumzia mtu mwingine.

Akordeo yenyewe ilikuwa nyekundu zamani. Siku zangu rangi ilibaki kwenye pembe tu. Vitufe viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimepotea, na mahali pake alikuwa ameweka vifungo vya koti. Noti moja ya chini ilikuwa na tabia ya kulia yenyewe wakati wa baridi, bila kuguswa, katikati ya mahubiri. Mama Shemasi aliiita Muzee. Ikilia, aliipapasa ubavuni na kuinong'oneza, "Muzee, ngoja kwanza, pasta hajamaliza." Sisi waimbaji wa alto tuliokaa nyuma yake tuliuma midomo tusicheke.

Aliyeitibu akordeo hiyo alikuwa kaka yangu Bahati. Alikuwa fundi wa baiskeli na pikipiki pale njia panda, na kwaya ilimtegemea kwa besi. Ule mfuko wa katikati wenye mikunjo, unaovuta hewa na kuitoa, ulikuwa umejaa viraka vyake vya mpira wa tairi. Kila akibandika kipya alimtania.

"Mama, hii kitu iko na viraka kupita pantalo yangu ya shamba."

"Na ubaya iko wapi?" Mama Shemasi alimjibu. "Hata miye Mungu ananiziba-ziba tu."

Usidhani alikuwa mtu mpole. Jumamosi, siku ya repetisyo, yaani mazoezi ya kwaya, tulimwogopa. Alikuwa na sikio lililosikia mtu mmoja akipotea katikati ya watu wengi, na hakusubiri wimbo uishe. Alifunga akordeo kwa kishindo, akamtazama. "Dada, unaimba kama muntu anaita mbuzi. Nani amepotea huko mbali?" Msichana mmoja wa soprano alilia, akaapa hatarudi. Jumamosi iliyofuata Mama Shemasi alikwenda kwao mwenyewe na chupa ya maziwa. Hakuomba radhi, alisema tu, "Twende, saa imefika." Akarudi naye wakiwa wameshikana mikono.

Neno lake kubwa kwetu lilikuwa, "Anzeni chini." Alilirudia mpaka tukachoka. Watu wengi wakimwimbia Mungu wanakimbilia juu, wanataka kupaza sauti toka mstari wa kwanza, halafu mstari wa tatu hawana pa kwenda. Yeye alianza chini na polepole, vidole vikitembea kama mtu anayetafuta njia kwenye ukungu, na wakati kwaya inaingia ulikuta watu wameshainamisha vichwa. Nimeona wazee waliogombana kuhusu mpaka wa shamba wakipangusa macho kwenye benchi moja, na hakuna mtu aliyekuwa amesema neno bado.

Siku moja nilimuuliza kwa nini hapendi kusali kwa sauti kanisani kama mashemasi wenzake. Tulikuwa tunapanga mabenchi. Hakunitazama.

"Pasta akiomba, maneno yanakuya kama mvua," alisema. "Miye nikifunga macho mbele ya Mungu, kinywa inakauka. Mikono njo inasema."

"Na Mungu anaelewa mikono, Mama?"

"Si yeye njo aliitengeneza? Atashindwa kuisikia?"

Hata hivyo alipenda sifa. Alikuwa wa kwanza kusema utukufu wote ni wa Mungu, lakini wageni wakitoka mjini Masisi-centre na kumsifia, uso wake uling'aa kama wa bibi arusi, na wimbo uliofuata aliujaza vikorombwezo mpaka hatukujua pa kuingilia. Papa Pasta alimwambia mara moja, mlangoni, "Mama, leo uliweka sukari mingi." Alinuna, akakaa muda mrefu bila kumsalimia vizuri.

Arusi za pombe alizikataa zote. Alisema akordeo hii imeshawekwa mikononi mwa Bwana, haiwezi kwenda kucheza kule halafu ije kusali huku. Ndiyo maana nilicheka asubuhi ile mama aliponituma malishoni kutafuta maziwa, nikamkuta Mama Shemasi amekaa juu ya jiwe katikati ya zizi, anapiga wimbo wa shukrani, ng'ombe wamemzunguka wakicheua. Mke wa kaka yake alikuwa akikamua huku akitikisa kichwa.

"Sasa Mama Shemasi anafanyia ng'ombe ibada," aliniambia.

"Miye ninapigia Mungu," Mama Shemasi alijibu bila kuacha kupiga. "Ng'ombe wanakuya tu kusikiliza. Tena wao ni wazuri, hawapigi makofi."

Kuna Jumapili moja ya mavuno ambayo watu wa Kingi waliizungumzia kwa muda mrefu. Mahindi na maharage yalikuwa yamepangwa mbele ya madhabahu, kuku wamefungwa miguu, watoto wamevaa vizuri. Katikati ya sadaka tukasikia risasi upande wa pili wa kilima. Zilikuwa mbali, halafu hazikuwa mbali. Watu wakasimama wote kwa pamoja, na mlango wa kanisa letu ulikuwa mmoja. Mama Shemasi hakusimama. Aliacha wimbo wa shangwe aliokuwa akipiga, akashuka kwenye wimbo wa polepole, ule tunaoimba watu wakienda kwenye meza ya Bwana, ambapo kila mtu hutembea kwa zamu. Miguu ya watu ilimfuata. Walitoka wakitembea, akina mama na watoto kwanza. Alipiga mpaka kanisa likawa tupu, mimi na Bahati tukimwita kutoka mlangoni.

Baadaye watu walimsifu kwa ujasiri. Safari hii hakuzipokea sifa. "Ujasiri gani?" aliniambia. "Miguu ilikataa kusimama. Nilikuwa na woga mpaka nikasahau jina yangu. Mikono tu njo ilibakia."

Nimesema alitoka malishoni. Watu wake walikuwa wafugaji, sisi tulikuwa wakulima. Kwa miaka mingi hilo lilikuwa jambo la maziwa na maharage: wao walishusha maziwa, sisi tulipandisha maharage, na ng'ombe akiingia shambani watu waligombana, wakaitana kwa mzee wa kijiji, wakaelewana. Halafu bunduki zikaongezeka vilimani. Kila upande ukawa na vijana wake waliosema wanawalinda ndugu zao. Watu wakaanza kuulizana mambo ambayo hawakuwa wakiulizana. Kanisani hakuna aliyesema kitu, lakini mabenchi yalibadilika. Waliotoka juu walianza kukaa upande mmoja, sisi upande mwingine. Mama Shemasi alibaki katikati na akordeo yake, kwa sababu pale ndipo mahali pa kupigia.

Bahati aliuawa kwenye njia ya Masisi-centre. Alikuwa amekwenda kutafuta vipuri, akarudi na wenzake, wakakutana na watu wenye silaha. Wenzake walikimbia, yeye hakufika mbali. Watu walisema ni wale vijana waliolinda malisho. Pengine ndio, pengine sio. Siku ile hakuna aliyetaka kusikia neno pengine.

Tulimlaza sebuleni. Uani walitundika shitingi, turubai kubwa la plastiki, kwa ajili ya mvua, na kwaya ikakusanyika chini yake bila besi. Mama Shemasi aliteremka peke yake. Nilimwona tokea mbali njiani, kitenge mgongoni, na nikaona jinsi watu walivyompisha bila kumsalimia. Aliingia, akakaa karibu na mlango wa sebule, akapitisha mikanda mabegani kama kawaida yake.

Mama yangu aliinua kichwa.

"Usipige."

Vidole vya Mama Shemasi vilisimama juu ya vitufe.

"Hapa kwangu usipige. Ndugu zako wameniulia mutoto, na wewe unakuya kumuimbia? Usipige."

Papa Pasta alitaka kusema kitu, baba akamshika mkono. Mama Shemasi alikuwa na kaka mmoja tu, mzee mwenye fimbo, na kila mtu pale alimjua. Hakusema hivyo. Hakujitetea hata kidogo.

"Nimesikia, Mama Bahati," alisema.

Tulidhani ataondoka. Alibaki, akordeo mapajani, mikanda mabegani. Tuliimba bila yeye. Tulianza juu mno, sauti zikatukatikia, tukaacha. Ndipo nikasikia hewa. Kwenye akordeo kuna kitufe cha pembeni ambacho ukikibonyeza mfuko unafunguka na kufungwa bila noti hata moja. Alikuwa amekibonyeza. Aliuvuta mfuko polepole mpaka mwisho, akaurudisha polepole, akauvuta tena. Ilikuwa pumzi tu, kama ya mtu aliyelala chumba cha pili, na kwenye viraka vya Bahati hewa ilifanya mluzi mdogo. Aliendelea hivyo macho yakiwa yamefumba, mpaka walipokuja kubeba jeneza.

Mama hakumwambia aache. Nilikuwa nimemshika, mgongo wake ukiwa kifuani pangu, na nilihisi jinsi alivyokuwa akipumua, akipanda na kushuka pamoja na ile hewa. Sijui kama mwenyewe alijua. Sikumuuliza siku hiyo, na baadaye ikawa jambo lisiloulizika.

Nilimfuata Mama Shemasi njiani akirudi. Nikasema asante.

"Mama yako alinikataza kupiga, sikupiga," alisema. "Lakini nisingeweza kukaa na mikono mitupu mbele ya Bahati."

Baada ya hapo wazee wa kanisa walikaa na kumwomba apumzike kidogo mpaka mambo yatulie. Walisema ni kwa usalama wake. Nadhani waliamini hivyo. Alijibu kwamba atapumzika, ila hatahama. Akawa anakuja kila Jumapili bila akordeo, anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na buti zake miguuni. Kwaya ilibaki na ngoma na kayamba. Kila wimbo tuliuanza juu kupita kiasi, na kila nilipogeuka nilimwona Mama Shemasi amefumba macho kama mtu anayesubiri jino liache kuuma. Hakuna aliyemwomba arudi mbele. Mambo hayakutulia.

Alikutana na mama mara nyingi, kisimani na sokoni. Kingi si mji wa kupotezana. "Jambo, Mama Bahati," alisema kila mara. Mama aliitika kwa kichwa na kupita. Sikumsikia akimjibu kwa mdomo hata mara moja.

Halafu vita ikafika Kingi kwenyewe, kila mtu akashika njia yake. Sisi tulipita msituni mpaka Walikale, tukaishia Pinga kwa ndugu wa baba. Tulilima shamba la watu, tukazoea mvua ya kule. Mama hakuizoea. Alikonda, akawa hasemi, na homa moja ambayo wengine walipona yeye haikumwacha. Tulimzika Pinga. Wakristo wa kule walikuja wengi, Mungu awabariki, wakaimba nyimbo tunazozijua kwa namna tusiyoijua.

Niliporudi Kingi kutazama kama shamba letu bado lipo, kanisa lilikuwa limesimama lakini mabati yote yameondolewa. Niliuliza habari za Mama Shemasi. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiteka maji alinyoosha kidole juu. "Iko kule kwao, na wifi yake. Wale njo walibakia."

Nilipanda. Zizi lilikuwa tupu, nyasi zimeota ndani yake. Mama Shemasi alikuwa amekaa nje akimenya viazi, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, vidole vimepinda kwenye viungo. Alinitambua kwa sauti kabla ya kwa macho.

"Alto," alisema. "Uko muzima!"

Tulikumbatiana muda mrefu. Wifi yake alituletea viti. Maziwa hayakuwepo, alileta chai nyeusi na kuniomba radhi. Niliambiwa kaka wa Mama Shemasi aliuawa akifuata ng'ombe walioporwa, na hata mwili hawakuupata wote. Nilisema pole. Lilikuwa neno dogo mno, lakini sikuwa na lingine, na yeye alilipokea kwa mikono miwili kama kitu cha maana.

Nikaulizia akordeo.

"Watu wa bunduki waliichukua. Mumoja alisema iko redio kubwa." Alicheka kidogo. "Halafu siku moja ninapita kwenye bariere, pale wanafunga barabara, ninasikia Muzee analia. Nilimujua palepale. Kijana wa bunduki njo anaivuta kama anataka kuichana. Nilisimama."

"Hukuogopa, Mama?"

"Niliogopa. Nikamuambia, mwanangu, usiiache kwa jua, na mvua isiiguse. Akaniuliza, mama, hii ilikuwa yako? Nikasema hapana, ilikuwa ya Mungu. Akaniambia pita." Aliendelea kumenya kiazi. "Alikuwa anaishika mubaya sana. Nilitaka kumurekebisha mikanda, lakini wenzake walikuwa wanatazama."

Nilikuwa nimepanda kilima kile kwa ajili ya neno moja, na nilikuwa nimelichelewesha. Nikamwambia mama amekufa, Pinga.

Aliweka kisu chini.

"Nani alipiga?"

"Hakuna, Mama. Waliimba tu."

Alitikisa kichwa taratibu. Akauliza bila kunitazama, "Alisema kitu juu yangu?"

Njiani nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nilikuwa na uongo mzuri tayari, uliopangwa vizuri, wenye maneno ambayo mama angeweza kuyasema. Lakini yule alikuwa mwanamke aliyesikia noti moja iliyopotea katikati ya kwaya nzima.

"Hapana, Mama," nilisema. "Hakusema."

Machozi yalimtoka. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwa Bahati. Aliyaacha yashuke, akajifuta kwa mkono wenye maganda ya viazi, akasema, "Tuombe."

Akasali kwa sauti, polepole, akitafuta maneno, akisita kama mtu anayetembea gizani, kisha akiendelea. Alisema: "Baba, nakuletea Esperansi. Umupokee Esperansi. Na mutoto wake Bahati, umuonyeshe mama yake." Nilifumbua macho. Esperansi lilikuwa jina la ubatizo la mama. Tangu azae kifungua mimba hakuna mtu aliyemwita hivyo. Baba mwenyewe alimwita Mama Bahati, na hata sisi watoto tuliliona mara moja tu kwenye kadi yake ya ubatizo. Sikujua Mama Shemasi alilipata wapi. Alilitaja bila kujikwaa, kama mtu anayetaja jina analolala nalo na kuamka nalo.

Wifi yake alinisindikiza mpaka kwenye ua wa zizi. Mawingu yalikuwa yakijikusanya juu ya kilima, na alinishika mkono akitaka kuniuliza jambo.

"Huyu Esperansi," alisema, "anamuombea kila asubuhi, toka tuko wengi hapa. Siye tulizani njo dada yake. Ilikuwa dada yake kweli?"

Nilimjibu kwamba ndiyo, ilikuwa dada yake, nikaanza kuteremka kabla mvua haijanikuta njiani.